Mafaili ya Bwana Masjala

Marehemu Bwana Masjala ni mdogo wangu tuliyeachiana ziwa, mtoto wa tarishi, mjukuu wa mfagiaji wa mahakama. Alitunza mafaili ya ofisi ya ardhi miaka thelathini na minane. Paa lilipovuja aliyahamisha yote kwa mikono yake, na halikupotea hata moja.

Alipostaafu alibaki na redio tu, maana mkewe alishatangulia. Mimi nilikuwa nikienda Jumapili, miguu ikikubali. Wageni wengine walikuwa makarani wa ofisini, waliokuja kuuliza faili fulani liko wapi, kwa sababu mpangilio aliujua yeye peke yake. Akiulizwa mawili, alijibu moja. "La pili njooni kesho, nitakumbuka."

"Muongo wee!" nikamwambia. "Unakumbuka mpaka rangi ya kamba ya kila faili."

"Dada, nikiwaambia yote, nani atanigongea mlango?"



Siku moja akaja karani mkuu, mama mmoja mcheshi, lakini siku hiyo hakucheka. Alisema kuna mjane amerudishwa mara tano, faili la kiwanja chake halionekani, na shemeji zake wameshaanza kujenga. Mdogo wangu akaomba daftari. Akaandika kabati kwa kabati, rafu kwa rafu, hadi chai ikapoa. Nilijua anawaaga wageni wake.

"Chukua, mama," akasema. "Uwafundishe wenzako wote, mpangilio huu asibaki nao mtu mmoja. Na uanze na la huyo mjane, leo hii."