Laini Yangu, Ofisi Yao

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: bosi wangu mpya akijua kwamba bado ninawafungulia mfumo watu wa ofisi ya zamani, ataniamini tena? Ofisi zote mbili ni za uwakala wa forodha, hapa hapa Tunduma, na zinagombania wateja walewale. Nilipohama, mfumo wao ulibaki umeunganishwa na laini yangu. Kila wanapotaka kuingia, namba ya siri inakuja kwenye simu yangu.

Asubuhi mama mwenye ofisi ile akapiga tena, kwa simu ya mezani.

"Mwanangu, nitumie namba. Dereva amekwama mpakani, ananitukana kwa Kibemba."

"Mama, tuweke laini yako."

"Simu yangu naisahau nyumbani kila siku. Wewe hujawahi kusahau kitu, unawaza mpaka unakonda."

Bosi mpya, meza ya pili, alikuwa ameacha kuandika. Nikikataa, lori litalala mpakani. Nikimnong'oneza namba, nitaonekana msaliti. Nikamwomba mama asubiri, nikamweleza bosi kila kitu na kuomba ruhusa niende ofisini kwa mama, ng'ambo ya barabara.

"Nenda," akasema, "lakini iwe mara ya mwisho."

Nikavuka barabara katikati ya malori, nikamfungulia mama mfumo, kisha nikafuta namba yangu na kuandika yake.