Dada Saizi Alipovua Raba

Dukani walimwita Dada Saizi, na jina hilo alilitolea jasho. Mteja akiingia tu, hata hajakaa kwenye kigoda, yeye keshamtupia jicho miguuni: "Wewe arobaini na moja, ila wa kulia ni mkubwa kuliko mwenzake." Ukipimwa, ndivyo. Alianza kazi ile akiwa msichana mbichi, na sasa alikuwa mama mtu mzima, ana binti chuoni na baba mzee anayeishi naye. Miaka yote hiyo alipiga magoti mbele ya miguu ya watu, akifunga kamba, akibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba kuona kama kuna nafasi. Harufu ya ngozi mpya na gundi ilishamwingia mpaka kwenye nguo za nyumbani.

Kwa baba yake, kazi hiyo ilikuwa fahari tupu. Mzee alikuwa tarishi maisha yake yote, mtu wa kuhamisha mafaili kutoka ofisi hii kwenda ile, na nyumbani kwao kiatu hakikuwa kitu cha mzaha. Dada Saizi aliikumbuka vizuri siku alipoletewa jozi yake ya kwanza. Vilikuwa vyeusi, vya kufunga kwa bizimu pembeni, vikubwa makusudi ili asivimalize mapema. Mama yake alishindilia karatasi kwenye ncha. Baba akamsimamisha juu ya stuli kama mgombea wa uchaguzi, akamzungusha, akasema, "Basi. Wa kwangu hakanyagi tena vumbi."

Kabla ya viatu hivyo alikuwa mtoto wa kutumwa. Mama alikuwa akidondosha maji kidogo kizingitini na kumwambia, "Kachukue chumvi, na urudi kabla hapa hapajakauka." Naye angetoka mbio, sarafu ameibana kiganjani, akakata nyuma ya kiwanda cha sabuni ambako hewa ilinukia povu, akaruka mtaro, akarudi na doa bado bichi. Mama angecheka mpaka ajishike kiuno. "Wewe mtoto, una injini?" Viatu vilipokuja, mbio zikaisha. Vilimchubua, vilimpwaya, na tena msichana mwenye viatu vyake hakimbii ovyo mitaani.

Alizirudia mbio ukubwani, pale wanawake wa mtaani walipoanzisha kikundi cha kukimbia asubuhi kwenye uwanja wa shule. Mwenye duka, mama mmoja mcheshi mwenye sauti ya tarumbeta, alimpa raba zenye soli nene kama godoro. Haikupita muda goti la kushoto likaanza kulalamika. Akabadilisha, akachukua nene zaidi. Goti nalo likazidisha. Wenzake wakamwambia ni umri huo, azoee. Yeye alikuwa muuza viatu; wazo kwamba kiatu ndicho kinachomsumbua halikumpitia kichwani hata kidogo.

Asubuhi moja baada ya mvua, katikati ya uwanja, soli ya raba ya kulia ilibanduka. Kila alipokanyaga ikawa inapiga pa, pa, pa, kama mdomo wa bata. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini.

"Dada Saizi, leo umeuziwa na nani?"

Na yeye akacheka, akazivua zote mbili, akazitupa kando ya goli. Alitaka kutembea tu amalizie mzunguko. Lakini majani yalikuwa yamelowa na ardhi ilikuwa laini, akajikuta anakimbia. Hatua za kwanza alitua kwa kisigino kama alivyozoea, na kishindo kikampanda mpaka kwenye meno. Kisha mguu wenyewe ukakataa. Hatua zikafupika. Kiwiliwili kikasimama wima, magoti yakalegea, na nyayo zikawa zinagusa chini kwa sehemu ya mbele na kuinuka kabla hata hazijatulia. Hakuna aliyemfundisha. Alipofika upande wa pili wa uwanja alisikia, waziwazi kabisa, harufu ya povu la sabuni, na kiganja chake kikajikunja kama kimebana sarafu. Akasimama. Wenzake walipomfikia wakamkuta anafuta macho.

"Mdudu kaingia," akasema.

Kama ilivyo kwa kila mwenye pupa, alilipia. Siku iliyofuata alikimbia pekupeku safari ndefu, na asubuhi yake mashavu ya miguu yalikuwa yamekaza kiasi kwamba ngazi za stoo alizishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, mwenye duka akimwangalia. Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Akajifunza kwenda taratibu: mzunguko mmoja leo, kesho kupumzika, ngozi ikomae. Goti likanyamaza.

Binti yake alipokuja likizo alimpiga picha za video kwa simu, akiwa na zile raba, soli imegundishwa, na akiwa hana. Wakaziangalia pamoja jikoni.

"Ona, Mama. Ukiwa na raba unautupa mguu mbele halafu unaubamiza kisigino. Ni kama kufunga breki kila hatua. Ukiwa peku, mguu unatua chini yako mwenyewe."

"Yaani miaka yote hii nilikuwa nafunga breki kwa goti?"

"Na hapo gia umeweka ya mwisho."

Walicheka, lakini Dada Saizi aliirudia ile video ya kwanza mara kadhaa. Alimtazama yule mama anayejibamiza chini, mabega yamempanda masikioni, akashangaa kwamba ndiye yeye.

Aliyekuwa hajaambiwa ni mzee. Akagundua mwenyewe, alipomkuta Dada Saizi bombani nyuma ya nyumba anasugua matope miguuni.

"Raba zimeibiwa?"

"Hapana, Baba. Nakimbia bila raba siku hizi. Goti limepona."

Mzee aliitazama ile miguu yenye matope. "Nilikuvisha viatu mimi," akasema. "Watu wanakuona?"

"Wananiona, Baba."

"Wanasemaje? Binti wa tarishi karudi alikotoka?" Akageuka, akaingia ndani. Siku kadhaa chai aliinywa chumbani kwake, na akiulizwa hali anajibu, "Nzuri," basi.

Jambo hilo lilimuuma Dada Saizi kuliko goti. Jumapili moja mchana alimkuta ukumbini akipiga viatu vyake rangi, brashi ikienda na kurudi kwa mwendo uleule aliousikia tangu utotoni. Akakaa sakafuni karibu naye, akachukua kimoja, akaanza kukifuta.

"Baba, viatu vyako vya kwanza ulivipata lini?"

Mzee aliendelea na brashi. Kisha akasema, "Nilipopata kazi. Walisema tarishi lazima awe na viatu. Nikanunua. Sasa kutoka nilikopanga mpaka ofisini ni mbali, na soli ingeisha. Basi nilivibeba mkononi. Nakimbia peku njia nzima, nikifika langoni nanawa miguu kwenye mfereji, navaa, naingia kama bwana."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata mama yako sikumwambia, nilipomposa. Alinikuta nimeshavaa."

"Na ulikuwa unakimbiaje?"

Alimtazama kama ameulizwa mtu anapumuaje. "Kimya kimya. Nikichelewa nilipita langoni hivyo hivyo peku, mlinzi asinisikie." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya bombani, mdomo wake ukacheza. "Yule mlinzi alikuwa na masikio! Wenye viatu wote aliwakamata. Mimi hakuniweza."

Wakacheka hadi kopo la rangi likapinduka juu ya gazeti. Kisha mzee akafunga kifuniko, akasema bila kumwangalia, "Uwanjani, kimbia utakavyo. Barabarani utavaa. Hilo usinikatalie."

"Sikatai, Baba."

Kuanzia hapo mzee akawa anafuatana naye. Alikaa kwenye benchi la walimu, suruali imenyooka, viatu vinang'aa, raba za bintiye amezipakata ndani ya mfuko. Wanawake wa kikundi walimsalimia shikamoo kila mzunguko hadi akawaambia inatosha, atachoka kuitikia.

Dukani napo mambo yalibadilika kidogo. Dada Saizi hakuvichukia viatu; mawe na lami ya jua kali vipo, na mtu haingii ofisini peku. Lakini sasa hakuishia kukadiria saizi kwa jicho. Alimwambia asimame, atandaze vidole, atembee. Aliwashusha wengi kutoka kwenye raba za godoro wakachukua kiatu chepesi, cha bapa, chenye upana wa mguu wa binadamu. Mwenye duka alipiga kelele, "Wewe utanifungia biashara!" kisha wateja waliporudi na ndugu zao, akaagiza shehena nyingine ya bapa na kusema wazo lilikuwa lake.

Mzee aliondoka mwaka uliofuata, taratibu, usingizini. Walimzika na watu wengi, wakiwemo makarani waliomkumbuka kwa viatu visivyo na doa. Baada ya matanga Dada Saizi hakwenda uwanjani kwa muda. Alipokwenda, alikuta benchi alilokaa mzee li safi. Mmoja wa wenzake alikuwa amelifagia majani. Dada Saizi akakaa hapo kidogo, peke yake, akavua raba, akaziweka vizuri kando, kamba ameziingiza ndani. Kisha akasimama, akanyoosha mgongo, akawaambia, "Twendeni basi," na wakaenda.