Mahali ya Bujiku

Wasichana wa Kahama mjini walimjua Zuleha binti Muhidini kwa mambo mawili: magauni aliyoyashona, na ubishi wake kuhusu vitabu vya mapenzi. Kila mwaka shule zilipofungwa mwezi wa sita, walijazana kwenye baraza lake, kwa sababu chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati lililojaa vile vitabu vyembamba vyenye picha ya mrembo kwenye jalada. Pesa hakutaka. Anayetaka kusoma alete ndoo ya maji kutoka bombani, au karanga, na asome hapo hapo, maana kitabu kikienda nyumbani kwa watu, akina baba walichana kurasa wakasokotea tumbaku.

Ubishi wenyewe ulihusu sura ya mwisho. Msichana akifika pale kijana anaporudi kutoka mbali, suti mwilini na zawadi mkononi, na mpenzi wake bado anamngoja mlangoni, Zuleha aliacha kukanyaga cherehani. "Hapo sasa ndipo wanapotudanganya," alisema. "Mwanamume akishaondoka, ameondoka."

Wasichana walicheka. Walidhani ni uchungu wa mjane, kwa kuwa mumewe, fundi Sabiti, alikuwa amefariki na kumwachia hiyo cherehani. Masikini Sabiti, Mungu amrehemu, hakuhusika kabisa. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyempenda mkewe kwa kumtengenezea vitu: kabati, kigoda, kitasa cha mlango. Aliyekuwa akisemwa barazani kila mwezi wa sita ni mwanamume mwingine, na jina lake Zuleha hakuwahi kulitaja.

Aliitwa Bujiku. Miaka ile ya sitini, Zuleha akiwa bado msichana, baba yake Mzee Muhidini alikuwa na duka la vitambaa na mafuta ya taa karibu na soko. Wazee wao walitoka Tabora, na kabla ya hapo Ujiji, na kabla ya hapo kila mmoja alijitafutia pwani yake ya kujivunia. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba. Bujiku alikuwa kijana wa Kisukuma, mpimaji wa pamba kwenye ghala la ushirika, mrefu, mwenye haya, baba yake amekwishafariki. Kiswahili alikijulia ukubwani na herufi r ilimshinda. Barua kwake ilikuwa balua, rafiki alikuwa lafiki, na akiulizwa habari alijibu habali nzuri. Zuleha alimtania sana, lakini kumwelewa alimwelewa. Masikio yake yalizoea kuzirudisha zile r zilizopotea bila hata yeye kujua.

Walijuana kwa ajili ya vitabu hivyo hivyo. Bujiku alianza kuazima kwa kisingizio cha kujifunza lugha, na lugha akajifunza kweli, ila ya upande mmoja tu. Kuuliza bei ya sukari bado kulimpa taabu, lakini huenda alikuwa mtu pekee katika ghala lile aliyeweza kusema "ewe ua la moyo wangu" huku ananing'iniza gunia kwenye mizani. Mzee Muhidini akienda msikitini, Bujiku alikaa kwenye kizingiti cha duka na Zuleha ndani nyuma ya meza, wakabishana kama binti wa kitabuni alifanya vyema au alifanya upuuzi. Siku moja, bila kuulizwa, Bujiku alisema kwamba akitakiwa kusilimu atasilimu. Zuleha alijifanya hajasikia, akapanga upya viberiti vilivyokuwa vimepangika vizuri.

Basi mwaka mmoja, kiangazi, Bujiku akaomba ruhusa ghalani akaenda kijijini kwa mjomba wake. Hakusema anafuata nini. Akakawia. Na wakati huo vijana wa mjini walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, huyu kwenda kwenye almasi, yule kwenda Geita kwenye dhahabu. Habari ya kila baraza ilikuwa hiyo: fulani kapata mahali. Yaani kapata kazi, anahama. Wasichana walioachwa walikuwa wengi kiasi kwamba walianza kuchekana wenyewe kwa wenyewe.

Zuleha naye, kwa bahati mbaya, alikuwa na kitabu kipya. Ndani yake kijana anakuja kumuaga mpenzi wake kwamba amepata kazi mji wa mbali, na binti, badala ya kulia, ananyoosha shingo na kumwambia: "Nenda. Na usigeuke nyuma." Zuleha aliipenda sana sentensi hiyo. Aliisema mbele ya kioo, akaisema tena kwa kuinua nyusi. Alipokuwa msichana hakuwa na akili mbaya, ila alikuwa na kiburi cha kutosha watu watatu.

Bujiku alirudi siku ya soko, vumbi mpaka kwenye kope. Hakupita kwake kunawa, alikuja moja kwa moja dukani. Akasimama mlangoni anatabasamu.

"Zuleha," alisema, "nimepata mahali. Mjomba amekubali."

Kilichomuuma Zuleha ni lile tabasamu. Mtu anakuja kukuaga na anacheka. Kabla machozi hayajafika, kitabu kilimletea la kusema. Akanyoosha shingo.

"Basi nenda. Na usigeuke nyuma."

Tabasamu la Bujiku lilibaki pale pale, kama kitu alichokisahau usoni. "Kweli?" aliuliza.

"Kweli."

Akatoa kitabu alichokuwa amekiazima, akakiweka mezani taratibu, akaondoka. Hakugeuka. Yule wa kitabuni, baada ya kuambiwa vile, aligeuka mara moja pale njia panda, halafu akarudi baada ya miaka na kumwoa binti. Zuleha alingoja Bujiku ageuke, halafu akangoja arudi. Zikaja habari kwamba Bujiku yuko Geita, halafu kwamba ameoa. Ndipo na yeye akamkubali fundi Sabiti, na tangu hapo hakuna mwandishi wa mapenzi aliyepata heshima yake kwa sura ya mwisho.

Ikafika miaka ya themanini, vitambaa vikawa adimu kama sabuni, na kazi yote ya cherehani ikawa viraka. Mwezi wa sita mmoja wasichana wawili walikuwa barazani: Tabu, binti wa mwenye mashine ya kusaga, mtoto wa mjini anayejiona, na Limi, Msukuma wa kijijini aliyekuja kukaa kwa shangazi yake likizo. Limi alikuwa anasoma kwa sauti.

"'Baba,' kijana akasema kwa unyenyekevu, 'mahali niliyonayo ni kidogo, lakini mapenzi yangu hayana kipimo.'"

"Ana mahali kidogo?" Tabu akadakia. "Kwani amepanga chumba kimoja?"

Limi akanuna. "Si chumba. Mahali ya kuolea. Ng'ombe."

"Mahari, Limi. Rrr. Mahari."

"Ndivyo nilivyosema. Mahali."

Tabu akacheka mpaka akashika mbavu. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Limi mwanangu," Zuleha akasema, "kwenu kijana akishapewa ng'ombe wa kuolea, anasemaje kwa Kiswahili?"

"Anasema nimepata mahali, mama."

"Na anapewa na nani?"

"Na baba yake. Asiye na baba anapewa na mjomba."

Zuleha akasema anakwenda ndani kutafuta uzi. Akaketi kitandani, na uzi wenyewe alikuwa nao mkononi. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya Zuleha yalikuja yakiwa yameshaota ndevu. Aibu ndiyo iliyotangulia, huzuni ikaja nyuma yake. Kwa miaka yote hiyo alijihesabu mwanamke aliyeachwa, na akawafundisha watoto wa watu kwamba wanaume huondoka, kumbe yule wake alikuwa amekuja. Alikuja na vumbi lake na ng'ombe zake, akafukuzwa kwa sentensi ya kusomwa. Masikio yaliyozoea kumrudishia r zake zote yalikuwa yamezembea mara moja tu.

Kumtaka tena hakumtaka, hilo alijichunguza akaliona. Alikuwa mwanamke mzima, na Bujiku ana mji wake. Lakini alifikiri yule mtu ameishi na nini kifuani. Lazima amejiambia kwamba binti wa dukani aliwadharau ng'ombe, au aliudharau Usukuma wake, au Kiswahili chake. Zuleha akajua kwamba kuna jambo moja tu analolitaka duniani: Bujiku aambiwe kwamba siku ile hakukataliwa.

Aliwaambia majirani anakwenda Geita kutafuta vitambaa, akapanda lori la mahindi. Njiani aliyapanga maneno, akayapangua. Geita hakupata shida kuelekezwa. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wenye mashimo ya wachimbaji, na uani mwanamke mwenye umri kama wake alikuwa anamenya karanga.

"Mwadila, mayu," Zuleha akasalimu kwa Kisukuma kidogo alichokuwa nacho.

"Mwadila, dada. Karibu." Mwanamke akamletea kigoda na maji ya kunywa. Jina lake Mageni, mama Maige, na mumewe, alisema, yuko duarani, shimoni kwenye dhahabu, atarudi jioni. Halafu akauliza mgeni ni nani.

"Naitwa Zuleha. Natoka Kahama. Binti wa Mzee Muhidini wa duka."

Mikono ya Mageni ikatulia juu ya ungo. Akamtazama mgeni kwa makini, bila uadui, kama mtu anayetazama mahali alipopasikia pakisemwa miaka mingi.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Ng'ombe wako ndio walioniolea mimi."

Zuleha akayaweka chini maji aliyokuwa anakunywa.

"Alipotoka kwako, mjomba wake alisema ng'ombe wakishatengwa kwa harusi hawarudishwi zizini bure. Wakaletwa kwetu. Mimi mume wangu nilikuwa namjua kwa sura tu." Akapepeta maganda kidogo, kisha akauweka ungo chini kabisa. "Nikuulize, dada. Miaka yote nimetaka kuuliza, na wa kumuuliza ni wewe peke yako. Watu wengine waliniambia mlipendana, baba yako ndiye aliyewatenganisha. Kama ni hivyo, basi mimi nimekalia kigoda cha mwenyewe. Akinyamaza tu, najua anakuwaza. Niambie. Ulimkataa kwa moyo wako? Hukumtaka?"

Maneno ya kwenye lori yalikuwa tayari. Zuleha aliyasikia mdomoni, yamepangika. Akaangalia ule uwanja uliofagiliwa, nguo za watoto zilizoanikwa juu ya ua, kila moja na kiraka chake kilichoshonwa kwa mkono na kwa subira. Kazi ya namna hiyo anaijua. Ukweli ulikuwa wake na alikuwa na haki nao. Angeusema, angelia kidogo, angepanda lori akarudi Kahama mwepesi. Mageni ndiye angebaki nao ndani ya nyumba, alale nao, aamke nao, amwandalie mumewe chakula nao.

"Nilimkataa mwenyewe," alisema. "Sikumtaka."

Mageni akashusha pumzi ndefu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akacheka kwa kujionea haya. "Basi leo huondoki," alisema, na akainuka kumkimbiza kuku. Akamwita jirani Mwislamu aje achinje, ili mgeni ale bila wasiwasi. Zuleha alipotaka kusaidia kunyonyoa alikatazwa, akarudishwa kwenye kigoda kama bibi harusi.

Bujiku alirudi jua likizama, matope mpaka magotini, ndevu zimeingia mvi. Alimtambua pale pale. Akasimama kidogo, kisha akaja kumpa mkono.

"Habali za Kahama?"

"Nzuri," Zuleha akasema. "Pole na kazi."

Alimuuliza habari za mzee, akaambiwa amefariki, akasikitika kwa dhati. Kwa desturi ya nyumba ile wanaume walikula peke yao, lakini Mageni alikataa, akatandika mkeka mmoja kwa wote. Alikuwa amechangamka, anazungumza kuliko wote, anamwongezea mgeni nyama kabla ya kuombwa.

"Baba Maige," akasema katikati ya kula, "mimi nimemuuliza mgeni wako. Ameniambia mwenyewe, alikukataa kwa moyo wake. Hakukutaka."

Bujiku akacheka, cheko la mtu ambaye kidonda chake kimekauka siku nyingi, akamsogezea Zuleha bakuli la mchuzi.

"Mimi mbona najua," alisema. "Nilijua siku ile ile."

Iliuma kuliko alivyotegemea. Zuleha akakata tonge, akalichovya kwenye bakuli, akala, akamwambia Mageni kwamba mchuzi ni mtamu.