Udongo wa Vyungu vya Maua

Mama mkwe wangu aliposhuka kwenye gari kutoka Kakanda, mwishoni mwa kiangazi, alikuwa na begi moja na mguu uliovimba. Alikuwa ameanguka peke yake nyumbani kwake, akalala sakafuni mpaka jirani alipopita kuomba moto. Mke wangu alitaka abaki nasi hapa Likasi moja kwa moja. Mimi pia nilitaka, na si kwa heshima tu. Nilimpenda yule mama, ingawa katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumtazama usoni.

Kwao ndivyo ilivyo. Mume wa binti hasemi na mama mkwe, hakai naye chumba kimoja, wala hawapishani njiani. Yeye akitoka uani, mimi naingia ndani. Nikimkuta ghafla anajifunika kitambaa na kugeukia ukuta, nami najifanya nimesahau kitu barabarani. Maneno yetu yote hupitia kwa mke wangu, ambaye kuna siku huchoka nasi sote wawili.

Haukupita muda mke wangu akaniletea habari mbaya.

"Mama anasema mvua ikianza, anarudia kwake," aliniambia. "Anasema hapa anaikala kama mugeni. Anakula, analala, basi. Hajazoea kuikala bila kulima."

Na sisi hatukuwa na pa kulima. Lupango letu, yaani kiwanja na nyumba yake, mtu aliyetuuzia alilijaza kokoto nyeusi, mabaki ya kiwandani, eti ili tusikanyage matope wakati wa mvua. Matope hatuna, nakubali. Lakini hata magugu yalitukataa.

Udongo pekee tuliokuwa nao ulikuwa nyuma ya jiko. Zamani mke wangu aliuza maua kando ya barabara, katika vyungu, makopo na bidoni za mafuta zilizokatwa. Biashara ilikufa, maua yakafuata, na vyombo vikabaki vimerundikwa pale na udongo wake wa kijivu, mkavu, uliojaa mizizi kama nywele za kitanani. Nilikuwa nangoja tu nafasi ya kuutupa barabarani uzibe mashimo. Sasa nikautazama kwa jicho jingine.

Asubuhi moja, kabla ya kwenda karakana ninakochomelea vyuma, nilipanga matofali kuwa boma dogo. Nikamwaga udongo wote chini, nikavunja mabonge, nikang'oa mizizi, nikachanganya na samadi ya mbuzi, nikanyunyizia maji na kufunika kwa magunia ili ujipike vizuri. Nilikwenda kazini nikiwa na raha ya mtu aliyetengeneza jambo.

Jioni nilikuta udongo wangu umetandazwa juu ya mabati yaliyolazwa uani, mwembamba, umekauka kabisa. Hasira ilinipanda. Asubuhi nikaukusanya tena, nikaumwagia maji, nikafunika. Jioni, juu ya mabati. Tukaendelea hivyo, mimi nafunika, mama mkwe anafunua. Kumshtaki mama mkwe ni aibu kubwa, hata kwa binti yake, kwa hiyo nilimeza hasira na kugombana na reki. Kumbe kwake pia, kumshtaki mkwe ilikuwa aibu ileile.

Mke wangu ndiye aliyekuja na uso umebadilika.

"Mama anapanga begi. Anasema haupende aguse udongo yako."

"Miye? Yeye njo anaharibu yangu. Kila siku namwanga maji, kila siku anakausha."

Alinitazama, kisha akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Anaianika," alisema. "Mu ule udongo muko bidudu, bile bilikula mizizi ya maua yangu. Jua njo inabiua. Kisha ataweka majivu kidogo ya mbabula, njo mutafunika."

"Aniambie, basi."

"Akuambie na kinywa gani?"

Niliacha udongo juani hadi siku niliyokuta umerudishwa ndani ya boma na majivu ya jiko la mkaa yamepepetwa juu yake. Ikawa zamu yangu, nami nikaelewa bila kuambiwa. Niliongeza samadi, nikafunika, na mara hii hakuna aliyefunua. Alipanda lengalenga, mchicha wa kwetu, alasiri. Nilimwagilia alfajiri. Mashina ya matembele niliyaleta mimi, nikayaacha mlangoni mwa jiko, na jioni nikayakuta ardhini, yamelazwa kwa mstari ulionyooka kuliko ambavyo ningeweza.

Mvua ilianza. Begi la mama mkwe lilikuwa bado limesimama, limefungwa, kando ya kitanda chake. Mke wangu aliliona kila alipofagia, na kila mara aliniambia. Hatukuthubutu kuuliza. Tulikula lengalenga na ugali wa bukari, majani laini, yaliyochumwa muda huohuo, na nilikuwa na furaha mezani, lakini nilipoisikia mvua juu ya bati nilimfikiria amelala tena sakafuni kule Kakanda, hana wa kumwinua.

Jumamosi moja mke wangu alikwenda sokoni akaniomba nikate mboga. Nilichukua kisu. Pembeni mwa boma palikuwa na miche iliyopita mingine yote, minene, nami nilishangaa kwa nini hakuna aliyeigusa. Nikaishika.

Upande wa pili wa ukuta wa jiko mtu alikohoa. Kisha nikaisikia sauti ya mama mkwe wangu, ya juu, ikisema na kuku wa jirani waliokuwa wakichakura kwenye pembe ya ukuta, kati yangu na yeye.

"Nyiye kuku, ile ya mukubwa hapana kukata. Naiacha itoe mbegu. Tutapanda nini mwaka kesho?"

Nilisimama pale kisu mkononi, mvua ya rasharasha ikinilowesha mgongo. Nikaiachia ile miche. Nikawageukia wale kuku, maana hapakuwa na mwingine wa kuambia.

"Kuku," nikasema, "mumwambie mama, nimesikia."