Nyumba Iliyohamwa na Mabati Yake

Bibi na bwana mmoja walisimama kwenye dirisha la shirika la mikopo hapa Kasongo, wakiomba mkopo wa kununua nyumba ya matofali. Mkaguzi wa shirika alikawia mno kuja kuiona, hata muuzaji akachoka, akang'oa mabati yake na kwenda nayo Salamabila.

"Mama, bila paa haiko nyumba," karani alisema waliporudi dirishani, akipuliza kalamu. "Mkopo hakuna."

"Tulipoomba, papa, paa lilikuwako!"

"Muezeke kwanza, murudi."

"Na feza gani?"

Karani akatazama dari lake.

Kesho yake mchana nilipita kwenye nyumba ile isiyo na paa. Mama alikuwa akifagia saluni, sebule ambayo bado si yake, polepole, akizunguka kivuli cha wingu kilicholala sakafuni. Wingu limehamia, na hakuna aliyelidai dhamana.