Tanuri Linalopanda

Kiwandani pale walimwita Bi Unga, kwa sababu hata akinawa vipi, alirudi nyumbani na nyusi nyeupe. Kazi yake ilikuwa kutia mikate mifukoni asubuhi, yeye na wanawake wenzake, wakati wanaume wa tanuri wakitoka zamu huku wanapiga miayo. Wakishaondoka, tanuri likiwa linapoa, wanawake waliruhusiwa kuoka skonzi kwa joto lililobaki. Hapo ndipo Bi Unga alipolipenda lile tanuri la matofali, pana kama chumba cha kulala, pamoja na pala lake la mti la kuingizia mikate, refu kuliko mtu.

Lakini kuwa mtu wa tanuri hasa, hilo hakuweza. Sheria ilisema mwanamke asiajiriwe kiwandani usiku, na mkate huokwa usiku ili watu waamke nao. Ati walikuwa wanalindwa.

"Kulindwa na nini?" Bi Unga alimwuliza mama yake. "Usiku huohuo naamka kunyonyesha, nauguza mtoto, nafua. Hapo sheria imelala fofofo."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye naye aliwahi kutia mikate mifukoni palepale, enzi zake. Tumbo lilipoanza kuonekana akarudishwa nyumbani, kazi ikaishia hapo, na tumbo lenyewe lilikuwa la huyuhuyu Bi Unga. Miaka ikapita. Bi Unga alipokwenda kujifungua, likizo ya uzazi ilikuwa imeshaingia kwenye sheria. Akaenda, akarudi, akakuta nafasi yake inamngoja. Kisha ikaja katiba mpya, ikasema watu wote ni sawa. Wanaume wa tanuri wakaifanya utani: "Haya Bi Unga, si tuko sawa? Njoo ubebe gunia!" Akalibeba.

"Mimi sheria ilifika nimeshatoka," mama alikuwa akimwambia. "Wewe imekukuta ndani. Usiiangalie tu ikipita."

Basi siku redio ilipotangaza kwamba lile katazo la usiku limefutwa, Bi Unga hakuvua hata aproni. Aliingia moja kwa moja ofisini kwa meneja.

"Kuna nafasi ya tanuri. Naitaka."

Meneja alikuna kichwa. "Dada yangu, usiku hatuna choo cha wanawake."

"Kwani kile cha mchana jua likizama kinahama?"

Meneja akatafuta njia nyingine. "Haya. Jioni ya leo, kabla zamu haijaanza, uoke safu moja ya mikate mbele yetu. Ikitoka vizuri, nafasi ni yako. Ikiharibika, tusisumbuane tena."

Bi Unga akakubali, tena kifua mbele. Alijiamini kuliko siku zote.

Jioni walijipanga wote: meneja, wanaume wa zamu, na fundi mkuu wa tanuri, mzee wa maneno machache. Kwenye kiwanda kile joto halikupimwa kwa mashine. Fundi alirusha unga kidogo ndani. Ukigeuka taratibu kuwa rangi ya chai ya maziwa, mikate iingie. Bi Unga akarusha, unga ukageuka vilevile kama alivyouzoea. Akaingiza mikate, akafunga mlango, akasubiri mikono kiunoni.

Ilipotoka, juu ilipendeza. Akageuza mmoja: chini mweusi tititi. Akageuza wa pili. Yote.

"Jamani, Bi Unga leo ni Bi Mkaa!" mmoja alipiga kelele, wenzake wakaangua kicheko.

"Sheria imekupa nafasi," meneja alisema, "tanuri ndilo limekukataa. Mimi haki nimetenda."

Bi Unga alisogea mlangoni mwa tanuri. Aliuangalia mkate, akaliangalia tanuri. Pembeni moto ulikuwa bado unavuma. Hapo akaona kosa lake. Yeye maisha yake yote aliokea asubuhi, kwenye tanuri linaloshuka joto. Hili la jioni lilikuwa linapanda. Unga ulisema kweli pale uliporushwa, lakini joto halikusimama hapo.

Akamgeukia fundi. "Mzee, shikamoo. Mikate yako ya kwanza kabisa ilitokaje?"

"Marahaba." Fundi alijifuta jasho. "Ilitoka kama hiyo."

"Wakakufukuza?"

"Aa! Nilipewa wa kunifundisha. Kila anayeingia hapa hukaa ubavuni mwa fundi mpaka mkono uzoee."

"Na hawa wanaocheka? Yupo aliyepimwa jioni moja, akaambiwa basi?"

Kicheko kikakatika. Mmoja akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa.

"Meneja," Bi Unga akasema, "sikuombi huruma. Nimeunguza, ni mimi. Nimezoea tanuri linaloshuka kwa sababu ndilo mlilonipa. Nifundishwe kama walivyofundishwa hawa. Nikiunguza baada ya hapo, nitarudi kwenye mifuko kwa miguu yangu mwenyewe."

"Nikikataa?"

"Ofisi ya kazi iko njiani kwangu. Kesho asubuhi nitaingia, nikawaulize kama usawa ndio huu."

Meneja akamtazama fundi, akitegemea kuungwa mkono. Fundi akasema tu, "Huyu ameona mwenyewe alipokosea. Hawa wengine niliwaonyesha mpaka sauti ikanikauka. Mimi nitamfundisha."

Meneja akashusha pumzi. "Aanze kesho."

"Na choo?" mmoja akachokoza.

"Kitiwe komeo," fundi akajibu, "na nyie mjifunze kubisha hodi."

Bi Unga akafunga mkate mmoja kwenye kanga, akaenda nao nyumbani. Mama alikuwa ameketi mlangoni akingoja habari. Akaupokea, akaugeuza, uso ukamshuka.

"Umeunguza?"

"Nimeunguza, mama."

"Basi ndiyo imekwisha."

"Haijaisha. Wamenichukua. Naanza kesho, na fundi ndiye atakayenifundisha."

Mama aliuweka ule mkate mapajani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hata majirani wakachungulia.

"Sisi," alisema akijifuta machozi, "sisi walitufukuza na mikate haijaungua!"

Akachukua kisu, akaanza kukwangua ule weusi, akamwambia bintiye abandike chai.