Viti Vitatu vya Ghorofani

Epiphanie alizaliwa Uvira, na kwa miaka kumi na moja sasa anashona blauzi za sari katikati ya Durban, kwenye chumba kidogo juu ya duka la simu. Wateja wake ni akina mama wa Kihindi wa mjini.

Mwaka jana kuna jambo lilimkera. Jengo analoishi, mtaa wa South Beach, lina familia hamsini za Wakongo na komite ya watu tisa inayozungumza na wakala wa mwenye nyumba. Wote tisa walikuwa wanaume. Epiphanie aligombea mara mbili, akaanguka mara mbili. Maji yakikatwa, wanaopanda ngazi na ndoo ni wanawake, na kikaoni hakuna wa kulisema.

Alimlalamikia mteja wake, Mwalimu Saroja Naicker, huku akimpima mabega. Mwalimu alifundisha historia hadi alipostaafu. Wazee wake waliletwa kutoka Madras, kusini mwa India, kukata miwa, naye hajaacha kufuatilia siasa za huko.

"Bunge la jimbo lile lilianza kama baraza la gavana Mwingereza," alisema Mwalimu. "Wakubwa wachache, basi. Mwanamke wa kwanza, daktari, aliteuliwa mwaka 1927. Leo wabunge ni mia mbili thelathini na wanne, wote wa kupigiwa kura. Na viti arobaini na sita vimetengwa: anayegombea lazima atoke kwa watu waliodharauliwa vizazi na vizazi."

"Na wanaopiga kura ni hao hao tu?"

"Hapana, wanapiga wote. Hata tajiri wa pale lazima amchague mmoja wao."

"Wanawake je?"

"Bado wachache. Sheria imewaahidi theluthi moja. Wanangoja."

Epiphanie aliacha kupima. Theluthi ya tisa ni tatu.

Jumapili ya kikao cha mwaka, baada ya ibada, alisimama akaeleza yote, akaomba viti vitatu kati ya tisa vitengewe wanawake. Mwenyekiti, Papa Honoré, alicheka.

"Mama Epiphanie, kwani huku ni India?"

"Huku ni Durban, Papa. Lakini wiki iliyopita maji yalikatwa hata kwako. Nani alibeba ndoo?"

Watu wakamgeukia mwenyekiti.

"Mke wangu," alisema. "Mpaka ghorofa ya tisa. Eish."

Kila mlango ulikuwa na kura moja. Thelathini na moja walikubali viti vitatu vya wanawake, kumi na tisa wakakataa. Yvette na Marcelline walichaguliwa kwa urahisi. Epiphanie alipita kwa tofauti ya kura mbili tu, akalia mbele za watu bila kujificha.

Wanawake hao watatu walimwita wakala, wakampandisha ngazi zote kwa miguu, mmoja akiwa na ndoo iliyojaa. Alifika juu akihema, akaahidi tangi la maji. Mwezi wa sita tangi liliwekwa juu ya paa, na Papa Honoré ndiye aliyewashikia mafundi ngazi.